Kusawazisha Trela ya Mama Mkwe

Kwa miaka tisa mama mkwe wangu alikataa kulala chini ya paa moja na mimi, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nisingepata usingizi. Kwetu, mtu na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hawalali nyumba moja. Si uadui. Ni heshima, tena nzito kuliko zote ninazozijua, na mtu aliyeibeba tangu ujana hawezi kuitua njiani eti kwa sababu ndege imemshusha Texas.

Shida ni kwamba heshima hiyo inataka nafasi. Kule Congo ulikuwepo uwanja, na uwanjani nyumba tatu au nne. Hata kambini Tanzania tulikuwa na vijumba viwili na njia katikati. Huku Haltom City, pembeni mwa Fort Worth, tulikuwa na fleti ya vyumba viwili, na ukipiga chafya chumbani, aliye sebuleni anakuombea afya njema. Kwa hiyo mama aliishi Houston kwa kaka wa mke wangu, na sisi tukienda kumwona, mke wangu alilala pale na mimi nililala kwa watu wa kanisa. Mambo yalikwenda hivyo bila ugomvi mpaka shemeji alipopata kazi katika kiwanda cha nyama huko Iowa. Akasema atahama kabla ya Krismasi, na mama atakwenda naye.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza baada ya kungoja hadi watu waliacha kutuuliza. Alitaka mama yake awe karibu mtoto akizaliwa, akae karibu hata baadaye. Alilia siku mbili. Siku ya tatu aliacha kulia, akawa anakunja nguo kimya, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Wazo la trela nililipata mji wa Mesquite, nilipokwenda kumchukua mfanyakazi mwenzangu ambaye gari lake lilikuwa limekufa. Ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba ya mtu na karatasi ya kuuzwa dirishani: trela ndogo nyeupe ya kusafiria, ya kuvutwa na pikapu, ina kitanda, jiko, meza na choo chake. Nikasimama kuitazama hadi mwenzangu akauliza kama nimeokoka. Niliona kitu kimoja tu: paa la pili. Dakika tano kutoka kwetu kuna uwanja ambako watu hukodi nafasi na kuishi katika trela zao mwaka mzima. Mama angekuwa na paa lake, mimi langu, na mke wangu angetembea kati ya mapaa hayo kwa miguu.

Nikainunua. Tulipomwambia mama kwa simu, alimwambia binti yake kwamba nyumba haitazamwi, nyumba inalaliwa. Alale humo usiku mmoja, ndipo aseme. Tukakubaliana kukutana Jumamosi kwenye uwanja wa kambi kando ya ziwa, karibu nusu ya njia kati yetu na Houston. Shemeji angemleta na kurudi kazini, na Jumapili mchana angekuja kumchukua. Mama akiipenda trela, angekuja Fort Worth. Asipoipenda, Iowa. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku ya mtihani wa uraia, maana siku ile maswali yalikuwa yamechapishwa.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua hasa. Mama alikuwa na kizunguzungu. Mwaka uliotangulia alianguka bafuni kule Houston, na tangu hapo alitembea akigusa ukuta. Sakafu ikiinama hata kidogo, yeye huihisi kabla ya mtu mwingine. Mtu wa video niliyemfuata mtandaoni, mzee mwenye ndevu nyingi na subira nyingi, alisema trela isiposawazishwa vizuri mlango hujifungua wenyewe, friji ya gesi haipoi, na wanaolala huamka na vichwa vizito. Niliitazama video ile mara nyingi sana. Mke wangu akasema ningekuwa nimeisoma Biblia hivyo, leo ningekuwa askofu.

Tulipofika, mama alikuwa ameshawasili. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, ametupa mgongo, kitenge kimefunika kichwa, na kando ya miguu yake alikuwa ameweka sufuria kubwa aliyotoka nayo Houston kwa sababu hakuamini kwamba tutakuwa na ya maana. Nilimsalimia kwa mbali nikitazama chini. Akaitikia akitazama ziwani. Shemeji alinipigia honi, akaondoka.

Nafasi tuliyopewa ilikuwa na mteremko. Kwa macho ilionekana tambarare, lakini chupa yangu ya maji ilibingirika yenyewe hadi kwenye nyasi, nikaisindikiza kwa macho na moyo ukishuka nayo.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Kwanza unasawazisha upande kwa upande, trela ikiwa bado imeshikana na pikapu: unaweka mbao mbele ya magurudumu ya upande ulio chini, unavuta polepole mpaka magurudumu yapande. Halafu unayazuia kwa kabari yasitembee. Ndipo unaachanisha trela na pikapu, na kwa jeki ya mbele unainua au kushusha pua yake. Mwisho kabisa unateremsha miguu minne ya pembeni, ambayo kazi yake ni kuzuia mtikisiko tu, si kuinua. Hayo yote yanahitaji watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine wa kutazama pima-maji, ile ambayo mafundi wetu huiita nivo. Mwenye trela wa kwanza alikuwa amebandika mbili nje, moja mbele na moja ubavuni.

Mtu wangu wa pili alikuwa mke wangu. Lakini mke wangu alikuwa na miezi saba na saa tatu za barabara tumboni. Alishuka, akashika kiuno, akasema anakwenda chooni, halafu ofisini kuchukua karatasi ya kubandika kwenye kioo.

"Chéri, usianze ku-level mpaka nirudi," akasema.

"Siwezi kuanza peke yangu."

"Ninakujua weye."

Ananijua. Alipopotea nyuma ya miti, nilianza.

Niliweka ubao, nikapanda garini, nikavuta. Nikashuka, nikazunguka kuitazama nivo ya mbele. Kiputo kilikuwa kimekimbilia upande mmoja. Nikarudi garini, nikarudisha nyuma, nikaweka mbao mbili, nikavuta, zikateleza. Nikashuka tena. Safari ya nne nilizidisha, magurudumu yakapita mbao zote na kuanguka upande wa pili kwa kishindo, na vyombo ndani ya trela vikalia. Mama hakugeuka. Niliona tu kitenge kikitikisika kidogo.

Baba yangu aliniambia tangu utotoni kwamba hasira ni hasara, nami nimethibitisha kwa simu mbili nilizozipigiza ukutani. Siku hiyo niliupiga teke ubao. Ubao haukuumia. Nilianza kuilaani ardhi ya Texas, mvua iliyoimomonyoa, na aliyechora ramani ya kambi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Jirani yetu alikuwa mzee Mzungu aliyekuja na mkewe katika basi kubwa la kulala. Nilimwona alipowasili dakika chache baada yetu. Alibonyeza kitufe, basi likanguruma, likanyoosha miguu yake lenyewe, likajisawazisha, naye akatoka na kikombe cha kahawa. Sasa alikuwa amesimama mpakani akinitazama.

"Need a hand, buddy?"

Nikamwambia sihitaji msaada, niko sawa. Mtu mwenye akili angekubali. Lakini nilifikiri: mama mkwe wangu amekuja kupima kama naweza kumweka mahali, na kitu cha kwanza atakachokiona ni jirani akinifanyia kazi. Mzee akanyanyua kikombe chake kwa heri na kurudi ndani.

Safari ya saba kiputo kilikaa katikati. Nilishuka nikihema, jasho likiniingia machoni, nikapiga makofi peke yangu kama mjinga. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"We sufuria," mama alisema. "Ule mutu anapanda anashuka kama mbuzi, umwambie apumuzike."

Niligutuka. Kwa miaka tisa maneno yake kwangu yalipita kwa mke wangu au kwa shemeji. Leo hapakuwa na mtu, basi akatumia alichokuwa nacho. Kwetu wazee hufanya hivyo: wataongea na kuku, na mlango, na moto, ili mkwe asikie bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nimeyasikia katika hadithi tu. Nikavua kofia, nikaigeukia sufuria.

"Sufuria, mwambie mama nimeomba radhi kwa kelele."

"Ile kitu ya kioo anaangaliaka," aliiuliza sufuria, bado akitazama ziwa, "nani aliibandika?"

"Mwambie ni mwenye trela wa kwanza."

"Alikuwa maçon?"

"Sijui kama alikuwa fundi wa kujenga, sufuria. Nadhani alikuwa anauza bima."

Mama akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini nilikisikia. Kisha akasimama polepole akishika kiti, akaniambia kupitia sufuria niingie kwenye mutuka na nisitoke. Nikaingia, nikafunga mlango, nikainamisha macho kwenye usukani kama mtu anayesali. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona akichota maji kwa kikombe, akagusa ubavu wa trela kwa kiganja, akapanda ngazi. Ndivyo alivyoingia mara ya kwanza katika nyumba niliyomnunulia: akiwa na kikombe cha maji, mimi nikiwa nimefungiwa garini.

Nilijua anachofanya. Kambini, mama huyu alisiliba sakafu za nusu ya mtaa wetu. Walimwita kwa sababu sakafu zake hazikutuamisha maji wakati wa mvua, na hakuwahi kushika nivo maishani. Sasa kule ndani, nina hakika, alimwaga maji kidogo, akachuchumaa, akayatazama yanakokwenda. Alipotoka alikaa tena kitini na kupata pumzi.

"Sufuria, maji inakimbia ku meza. Pale kwenye kitanda, kichwa ingelala chini, miguu juu."

Nilishuka, nikaitazama nivo. Kiputo kilikuwa katikati kabisa, kimetulia, kimeridhika. Kilichokuwa kimepinda ni nivo yenyewe, muuza bima wa watu aliibandika upande. Ningemlaza mama yule kichwa chini usiku kucha, angeamka dunia inazunguka, na asubuhi angepanda gari la shemeji bila kusema kitu, kwa sababu ni mtu wa heshima. Nami nisingejua kamwe ni kwa nini.

Tuliongeza ubao mmoja upande wa meza. Nikavuta, naye akiwa mbali kitini. Kisha mimi nikajifungia, yeye akaingia na kikombe. Alitoka akasema bado. Tukaongeza kipande chembamba. Akaingia tena, safari hii akakawia, na mimi usukani nikajiuma mdomo.

"Sufuria," sauti yake ilisikika kutoka mlangoni, "maji imekaa."

Nikaweka kabari kwenye magurudumu, nikaachanisha pikapu, nikalisogeza mbele. Kusawazisha urefu wa trela, mbele kwa nyuma, yeye alibaki ndani na mimi nje kwenye jeki, ukuta katikati yetu, kwa hiyo heshima haikuvunjika.

"Azungushe," sauti ilitoka dirishani. "Doucement. Polepole, haiko kisima. Bado. Bado kidogo. Ah, amepita! Arudishe. Un peu, kidogo tu. Hapo. Aache hapo."

Nilizungusha nilipoambiwa nizungushe, nikaacha nilipoambiwa niache. Kazini naendesha foklifti ya kuinua mizigo, na huko kila mtu ananipigia kelele kuanzia asubuhi, lakini sikuwahi kuifurahia amri kama nilivyozifurahia zile. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amesimama barabarani na karatasi yake mkononi, mkono mwingine mdomoni. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Hakuja karibu mpaka tulipomaliza.

Jioni mama alipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, na mke wangu akaniletea sahani yangu nyuma ya pikapu, kama ilivyotakiwa. Nilikaa juu ya ndoo nikila vizuri kabisa. Yule mzee wa basi aliniona. Alikuja polepole akiwa na soseji mbili kwenye karatasi, akaketi juu ya jiwe, akaniambia kwamba ameoa miaka arobaini, na kwamba mtu akitulia na kusema samahani, hata kama hajui kosa, atarudishwa ndani. Nilijaribu kumweleza kuhusu mama mkwe. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema laiti na yeye angezaliwa kwetu. Nilikula na soseji zake.

Nililala garini. Wao wawili walilala ndani, mama kitandani na mke wangu kwenye viti vya mezani vinavyogeuka kitanda.

Asubuhi niliamka na shingo iliyokakamaa, nikaenda nyuma ya trela kujifanya nakagua miguu ya pembeni. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia. Dirisha lilikuwa wazi, na mke wangu alikuwa akichemsha chai.

"Mama, umelala?"

"Nimelala."

"Kizunguzungu?"

"Hapana. Sakafu iko sawa. Kitanda iko sawa. Nililala kama mutoto."

Nilikunja ngumi kwa furaha. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni, kisha kikasimama.

"Lakini siwezi kukaa humu, mwanangu," mama akasema. "Nitaenda na ndugu yako."

Nilisikia kiti kikilalamika alipoketi, na nilijua jinsi alivyoketi, mkono chini ya tumbo, na nilijua kwamba ataanza tena kukunja nguo kimya.

Mama aliendelea taratibu, bila hasira. Alisema amejenga nyumba tatu kwa mikono yake. Ya kwanza aliiacha moto ukiwa jikoni. Ya pili waliambiwa wahame kambi, akaibomoa mwenyewe ili achukue mbao za mlango. Ya tatu aliiacha alipopanda basi la kwenda uwanja wa ndege, na sakafu yake alikuwa ameisiliba wiki ileile. Alisema zile zilikuwa nyumba zenye mizizi, na bado ziliondoka. Hii imeshafungiwa magurudumu tayari. Kila akifumba macho anasubiri kusikia inavutwa. Yeye ni mzee sasa, na hataki kumzoea mjukuu kisha avutwe.

Sasa nitasema nililofanya, na sijivuni wala sijutii. Hasira ilinipanda, lakini haikuwa hasira kwa mama. Ilikuwa kwa zile nyumba tatu, kwa moto ulioachwa jikoni, kwa kila mtu aliyewahi kumwambia inuka twende. Nilimpenda yule mama. Miaka tisa sikuwahi kulitamka neno hilo hata moyoni, kwa sababu heshima haikuniachia nafasi. Nilizunguka trela nikafika mlangoni. Sikutafuta sufuria. Nilisimama chini ya ngazi, nikasema naye moja kwa moja.

"Mama, hakuna atakayeivuta. Mimi ndiye mwenye pikapu, na mimi siendi popote. Mtoto anazaliwa hapa. Nimechoka kuondoka kama wewe ulivyochoka."

Mke wangu alinitazama kana kwamba nimeingia kanisani bila shati. Nami nilipotambua nilichofanya, nikainamisha kichwa na kungoja aibu inishukie.

Mama aliweka kikombe chini. Alikuja mlangoni akigusa ukuta, ingawa sakafu haikuinama, akasimama juu yangu. Nikaona miguu yake, kisha pindo la kitenge, kisha, kwa sababu hakuondoka, nikainua macho. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake karibu hivyo. Mke wangu amechukua macho yale. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Basi toa magurudumu," akasema.

"Mama?"

"Ukifika kwenu. Uitoe magurudumu, uikalishe ku matofali, na mimi nitakuja."

"Yote manne, mama?"

"Yote," akasema, "na uyauze."